Udongo Haumngoji Mtu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya marehemu mume wangu. Vilikuwa vya ngozi ngumu, vikubwa kwangu, nikavaa soksi juu ya soksi ili visinitoke. Ilikuwa Aprili, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na theluji ilikuwa bado imejificha kwenye pembe ambazo jua halifiki. Jengo lilikuwa la ghorofa nne, la matofali mekundu yaliyogeuka meusi kwa uzee, upande wa magharibi wa Toronto, karibu na ziwa.

Bosi mzee, mwenye kampuni, alikuwa mtu mfupi wa visiwa vya Wareno aliyekuja Kanada akiwa kijana. Alinitazama usoni, akatazama viatu, akauliza kwa Kiingereza chake cha kukatakata:

“Nani alikufundisha kujenga?”

“Baba yangu. Alijenga makanisa, kwetu Songea.”

“Makanisa yake bado yamesimama?”

“Yamesimama.”

“Basi panda juu.”

Nikapanda. Kutoka chini hadi paani nilifika salama. Lakini juu ya paa palikuwa na jukwaa la vyuma lililozunguka dohani, na jukwaa nalo likapanda zaidi ya kimo cha watu wawili. Nilipokanyaga ubao wa juu kabisa upepo wa ziwani ukanipiga, nikaona magari kule chini yamekuwa madogo, nikakumbatia nguzo na kupiga yowe: “Mama yangu weee!”

Kutoka upande wa pili wa dohani ikaja sauti ya mwanamume, imetulia, kwa Kiswahili.

“Mama, usiangarie chini. Angaria tofari yenye iko mbele yako.”

Huyo ndiye alikuwa Ilunga, mtu wa Lubumbashi. Sikutegemea kusikia Kiswahili mahali pale. Nikaliangalia tofali lililokuwa mbele yangu, pumzi ikarudi, na kazi yangu ikaanza.

Niseme kidogo nilivyofika hapo. Mume wangu alikuwa mwalimu. Alikuja Kanada kusoma, akapata kazi, akatuita mimi na binti yetu Neema. Hata hatujazoea baridi, moyo wake ukasimama akiwa mezani anakula. Nikabaki na mtoto kwenye nyumba ya kupanga Dixon Road, kwenye yale maghorofa marefu ambayo ndege za uwanja wa Pearson hupita juu yake kama zinataka kutua jikoni kwako. Nilipata kazi ya kufunga mizigo kwenye ghala moja Rexdale. Nilikuwa nasimama sehemu moja kutwa nzima, naweka mkanda kwenye maboksi. Mtu aliyelelewa na mwiko na timazi hawezi kuishi hivyo. Niliposikia kanisani kwamba kuna mzee anatafuta saidia fundi, sikuuliza hata mshahara.

Ninyi vijana mnaosoma haya, wengi wenu dohani mmeiona kwenye picha tu, kwa hiyo nieleze. Majengo yale ya zamani yana boila chini, kwenye ghorofa iliyo ardhini, inayochemsha maji ya kupasha nyumba zote joto. Moshi wake hupita kwenye mnara wa matofali unaopenya ghorofa zote hadi juu ya paa. Sehemu iliyo ndani ya jengo haina shida, imekaa kwenye joto. Ile iliyochomoza nje ndiyo hupigwa pande zote nne. Maji ya mvua huingia kwenye viungo, usiku yanaganda, yanavimba, na uso wa tofali unabanduka kama ukoko wa wali. Zaidi ya hapo, dohani nyingi zilijengwa kwa ajili ya makaa ya mawe, kisha watu wakahamia gesi. Moshi wa gesi una unyevu mwingi. Ukipoa ndani ya njia pana hugeuka maji, na matofali yanaloa kutokea ndani ambako jicho halifiki.

Sisi tulianza kwa kugonga. Unageuza mwiko, unagonga tofali kwa mpini, unasikiliza. Tofali zima hulia, bovu halitoi sauti. Tunabomoa kozi moja baada ya nyingine, kozi ni mstari mmoja wa matofali, mpaka tufike kwenye yale yanayolia. Yanayofaa tunayasafisha kwa tindo na kuyarudisha. Juu tunamalizia na kofia ya zege iliyotokeza nje kidogo, ili matone yadondoke mbali na ukuta.

Nilikuja na mazoea ya saruji. Siku ya kwanza nilipoachiwa kuchanganya udongo (sisi mafundi huuita udongo hata kama hauna udongo ndani yake) niliufanya mkali, mweusi, kama nilivyofundishwa. Bosi mzee alichovya kidole, akaniamuru nimwage karai zima.

“Hii ni ya kujenga daraja,” akasema. “Tofali la zamani ni laini. Ukilifunga kwa saruji ngumu, baridi ikija litapasuka lenyewe. Tia chokaa. Kitu kikivunjika, kivunjike kile unachoweza kukibadilisha.”

Nikajifunza chokaa upya nikiwa mtu mzima. Alikuwa na neno jingine ambalo alilirudia kila alipomwona mtu ameshika simu: “Udongo haumngoji mtu.” Ukishauchanganya una muda wake. Usipoutumia unashika kwenye karai, na hata ukiongeza maji unajidanganya.

Baada ya msimu mmoja akaniondoa kwenye karai, akanipanga na Ilunga. Tukawa jozi. Kwenye dohani mafundi wawili husimama pande mbili zinazotazamana, kila mmoja na pembe zake, na kamba inapita katikati kuonyesha usawa. Huwezi kumwona mwenzako vizuri mpaka kazi iwe chini ya kifua, lakini unamsikia muda wote. Mimi nilimfahamu Ilunga kwa sauti kabla sijamfahamu kwa sura.

Aliniita Mama Agnès, akilivuta jina langu la Agnesta kwa Kifaransa. Mimi nilimwita kaka Ilunga. Alikuwa akinicheka.

“Kiswahili yako, Mama Agnès, iko ya kitabu.”

“Na yako je?”

“Ya kwetu ni ya kazi. Baba alijifunza mu machimbo ya shaba. Hakukuwa kitabu kule.”

Tulikula pamoja tukiwa tumeegemea ukuta wa paa, mahali upepo haufiki. Mimi nilileta chapati na maharage kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana. Yeye alileta ugali, akauita bukari, na samaki mkavu ambaye harufu yake ilimfanya bosi mzee ahamie kona nyingine. Tulifanya kazi mtaa wa Bathurst, tukafanya St. Clair, tukavuka mto Don tukafanya mashariki yote. Nikawa nalijua jiji kwa juu. Mpaka leo mtu akinitajia mtaa, mimi nakumbuka paa lake, siyo maduka yake.

Katika kula kule ndipo aliponieleza habari za mkewe. Jina lake Mado. Walipokimbia vita walikuwa kwenye umati wa watu njiani kuelekea mpakani, risasi zikalia, watu wakatawanyika. Ilunga alimwona mkewe akivutwa kupanda lori, yeye akasombwa upande mwingine. Baadaye watu wakamwambia lile lori liliteketea lote. Alivuka hadi Zambia, akauliza kambi kwa kambi, hakuna aliyemjua. Miaka ikapita, akaletwa Kanada.

“Nilimulilia kwa kutembea,” aliniambia. “Sikukaa matanga. Nilitembea tu.”

Alipozoea, akawa anakuja kwetu Dixon Jumapili baada ya ibada ya Kiswahili. Alimfundisha Neema hesabu. Neema alimjibu kwa Kiingereza, yeye akamuuliza tena kwa Kiswahili, na hivyo hivyo hesabu zikamwingia. Aliniwekea rafu ukutani. Akishaondoka, nilikuwa nachelewa kuosha kikombe chake. Sikujiuliza kwa nini.

Novemba moja tulikuwa kwenye jengo la Bathurst lenye ghorofa tano. Novemba ni mwezi mbaya kwa mwashi, maana chokaa ikiganda kabla ya kukomaa inakufa. Kwa hiyo tulikuwa tumezungushia dohani turubai, tukaweka hita ndani, na humo mlikuwa na joto na mwanga wa njano. Nje mvua ya barafu ilikuwa inapiga turubai. Kamba ilikuwa imekazwa, tunaendana kozi kwa kozi. Ilunga akasema, bila kuacha kazi:

“Mama Agnès. Miye na weye tumezeekea ku hii kamba. Tuishi mu nyumba moja. Uwe bibi yangu, mbele ya Padri.”

Kwao bibi ni mke. Kwetu bibi ni nyanya. Ningeweza kucheka, lakini mkono wangu ulikuwa umesimama na mwiko hewani. Wanangu, nilitaka kusema ndiyo kabla hajafika mwisho. Nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, nilikuwa nimesahau kwamba moyo unaweza kupiga vile kwa jambo jema.

“Nitakujibu Jumapili,” nikasema.

“Sawa. Shika kamba, imelegea.”

Padri, nilipomwendea, hakunikataza. Aliuliza swali moja tu: kuna mtu aliyeuona mwili wa yule mama? Nikasema hakuna. Akaniachia swali lile niende nalo. Nami nilikuwa na sababu yangu ya kulisikia vizuri. Mume wangu nilimfumba macho kwa mikono yangu. Niliona jeneza likishuka. Nilijua tofauti ya kujua na kudhani. Ilunga alikuwa anadhani, tena kwa maneno ya watu waliokuwa wanakimbia.

Jumapili nilimpikia. Alipomaliza kula nikamwambia:

“Kaka Ilunga, mtafute mara moja ya mwisho. Ukimpata mtu aliyeliona kaburi, nitakuja kwako siku hiyohiyo. Lakini siwezi kuingia nyumba ambayo mwenyewe huenda yuko njiani.”

Alisimama. Sijawahi kumwona amekasirika hivyo, kabla wala baada.

“Nilitafuta! Miguu iliisha juu ya kutafuta! Juu ya nini unanirudisha mu moto?”

“Kwa sababu nakupenda,” nikasema. Ni mara ya kwanza na ya mwisho kumwambia.

Alikaa chini. Akaisogeza sahani kando, akasema, “Bon. Tutatafuta.”

Kanisani kulikuwa na mama mmoja Mkongo ambaye dada yake alikuwa bado kambini, kaskazini ya Zambia. Ilunga akampa jina la Mado, jina la baba yake, kijiji, na alama ya kovu kwenye mkono wa kushoto. Mama yule akamtumia dada yake kwa simu. Majira ya baridi yakapita bila neno. Wakati wa baridi kampuni hufunga, kila mtu hukaa kwake, na mimi nilikaa kwangu nikiomba sala mbili zinazopingana. Niliomba apatikane, kwa sababu ni binadamu. Ile nyingine mnaijua.

Mwezi wa Mei tulikuwa St. Clair. Nilikuwa nimemwaga udongo mpya ubaoni, tuko kozi ya tano au ya sita juu ya paa, simu ya Ilunga ikalia. Yeye hakuwa mtu wa kupokea simu akiwa kazini. Aliitazama, akaona namba ndefu, akapokea.

“Allô?”

Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, “Mado? Ni weye?”

Akayumba ubaoni. Nilizunguka jukwaa haraka, nikaushika mkanda wake wa usalama kwa nyuma, nikamsaidia kukaa kwenye mbao. Alikuwa analia na kucheka, na ile sauti ya mwanamke ilikuwa inatoka kwenye simu, nyembamba, ikirudia jina lake, Ilunga, Ilunga. Hapakuwa na kazi yangu pale. Nikaachia mkanda, nikarudi kwenye upande wangu. Udongo ulikuwa umeanza kushika. Nikachukua mwiko, nikajenga pande zangu, nikahamia nikajenga na zake. Nilipoweka timazi kozi zile zilikuwa zimenyooka, na hilo lilinishangaza.

Alipomaliza akaja kusimama kando yangu.

“Iko muzima,” akasema.

“Mungu ni mwema,” nikajibu. Sikudanganya. Nilimaanisha, na bado ilinichoma.

“Mama Agnès…”

“Shika kamba, kaka. Upande wako umelegea.”

Kumleta mkewe kulichukua miaka. Mahojiano, vipimo vya afya, kungoja, kuambiwa angoje tena. Miaka hiyo yote tuliendelea kusimama pande mbili za dohani. Hatukulizungumzia lile la Novemba. Tulizungumza chokaa, tulizungumza Neema na masomo yake, alinisimulia aliyoambiwa na Mado kwenye simu. Nilimsaidia kuchagua sufuria za kumpokelea mkewe. Jumapili alikuja mara chache, kisha akaacha kuja, na aliacha kwa heshima.

Bosi mzee hakuwa kipofu. Siku moja aliniita kwenye gari lake.

“Naweza kukuhamishia kikosi kingine,” akasema. “Sikuulizi sababu.”

“Niache hapohapo, bosi.”

“Una hakika?”

“Niache hapohapo.”

Mtu angeona ni kujitesa. Lakini kuanzia asubuhi hadi jioni, siku tano za wiki, kuanzia Aprili hadi Novemba, nilikuwa nasikia sauti yake upande wa pili wa tofali. Hilo ndilo nililokuwa nalo, na sikuwa tayari kulitoa.

Siku Mado alipofika, Ilunga aliniomba tuende wote uwanja wa ndege. “Ninaogopa sitamjua,” aliniambia. Nikaenda, nimebeba koti zito nililolinunua, maana nilijua hakuna anayemwambia mtu wa kambini ukweli kuhusu Machi ya Toronto. Tulisimama kati ya watu wenye maua. Akatokea mama mwembamba, nywele zimeanza mvi, kijaketi chepesi, mfuko mmoja mkononi. Ilunga alimjua kabla mlango haujajifunga nyuma yake. Alikwenda kwake akitembea tu, hakukimbia, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege.

Mimi nilingoja. Walipomaliza nikasogea, nikamvalisha lile koti, nikamfunga vifungo.

“Ni weye Mama Agnès?” akauliza.

“Ni mimi, dada. Karibu.”

Wiki chache baadaye alinialika kwenye chumba walichopanga chini ya nyumba ya mtu huko Brampton. Alinipikia bukari na sombe, yaani kisamvu. Ilunga alipotoka kununua soda, Mado akanishika mikono yote miwili. Alikuwa na mikono migumu kama yangu.

“Aliniambia yote,” akasema. “Aliniambia ni weye ulikataa mpaka anitafute.”

Nikaikazia macho sufuria ya sombe.

“Mu kambi niliolewa na kifo, mama. Nilikuwa nangoja tu siku. Asubuhi moja watu walikuya kuuliza jina yangu.” Akanibana mikono. “Sina kintu ya kukupa.”

“Sikutaka kitu.”

“Ulitaka,” akasema taratibu. “Miye ni mwanamuke. Ninajua kile ulitaka.”

Tukalia wote wawili, tukapangusa macho kwa kanga moja, na Ilunga aliporudi na soda alitukuta tunagombania nani aoshe vyombo.

Walikaa Toronto miaka michache. Kisha kifua cha Ilunga kikaanza kusumbua. Vumbi la kukwangua viungo ni baya, vijana. Linaingia kwenye mapafu na halitoki, na zamani tulikuwa tunafunga kitambaa tu puani. Vaeni barakoa zenu, msione aibu. Daktari akamwambia aache kazi ya vumbi, na Mado alitaka mahali ambapo Kifaransa chake kingemsaidia kupata kazi. Wakahamia ng'ambo ya mto unaopita Ottawa, upande wa wasema Kifaransa. Siku ya mwisho Ilunga alipanda jukwaani kuniaga. Hakuruhusiwa kugusa chochote, alisimama tu upande wake.

“Mama Agnès,” akasema, “tulijenga muzuri.”

“Tulijenga vizuri, Ilunga.” Ilikuwa mara ya kwanza kumwita bila kaka.

Nilipangwa na wengine baada yake. Mafundi wazuri, wengine wazuri kumshinda, lakini walikuwa wanaweka vitu masikioni na kusikiliza muziki, na upande wa pili wa dohani ukawa kimya. Bosi mzee akafariki, binti yake akashika kampuni. Kazi nayo ikabadilika. Maboila mapya hutoa moshi kwa bomba dogo la plastiki ubavuni mwa jengo, kwa hiyo dohani haitakiwi tena. Wenye majengo wakaanza kutuita siyo kutengeneza bali kukata: bomoa hadi usawa wa paa, ziba, funika. Bosi binti aliniambia, “Najua hupendi, lakini ndiyo kazi iliyopo.” Nikakata nyingi. Bega la kulia likaacha kupanda juu ya kichwa, na siku niliposhindwa kuinua karai nikajua yametosha.

Sasa nina muda. Nikipita mjini kwa basi shingo yangu hutazama juu yenyewe, natafuta zilizobaki. Watu huniuliza kama nimeikumbuka Songea. Naikumbuka. Lakini ninachokitamani zaidi ni asubuhi ya Mei juu ya paa la mtu nisiyemjua, chokaa mpya ubaoni, kamba imekazwa, na mtu anakohoa kidogo upande wa pili kabla ya kuanza hadithi.

Mwaka jana Neema, ambaye sasa ni nesi na mama wa watoto, aliniuliza kwa nini sikuolewa tena, maana nilikuwa bado kijana. Nilimwambia, “Nilikuwa kazini.” Alicheka sana, akidhani namtania, akaenda kuwasimulia wenzake. Sikumrekebisha. Atayasoma haya siku moja, na ataelewa kwamba sikuwa na mzaha. Nilikuwa kazini, mwanangu, miaka ile yote, pamoja na Ilunga, na sijawahi kuwa na furaha kama ile.